Ami za alumini, chasi ya chini na ubao wa kupimia: kisa cha gari moja la rimoti Arusha

Kisa hiki kinahusu gari moja la rimoti la mbio, na pesa ambazo mwenye gari alizitumia mara mbili kutafuta dawa ya ugonjwa mmoja. Kilianza Juni kwenye baridi ya Arusha, kikaisha mvua za vuli zilipoanza. Mwenye gari ameridhia kiandikwe. Nimeondoa jina lake, uwanja, aina ya gari na maduka aliyonunua. Namba zilizomo ni zile tulizopima na kuandika kwenye daftari siku zenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa namsaidia upande wa ufundi, na sehemu ya makosa ni yangu, kama nitakavyoeleza.

Usuli

Mwenye gari ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Siku za kazi ana ajira yake, Jumapili yupo uwanjani. Gari alilinunua likiwa limetumika. Ni pikapu ya mbio fupi ya kiwango cha 1/10, yaani moja ya kumi ya ukubwa wa gari halisi, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Daraja hili lilienea baada ya kampuni ya Traxxas kuitoa pikapu yake ya Slash mwaka 2008, na hadi leo lina vipuri vingi sana vya kubadilisha. Kwa sababu hiyo hiyo lina vishawishi vingi: ukifungua simu usiku unaona ami (mikono inayounganisha magurudumu na chasi) za rangi ya bluu zinang'aa, asubuhi umeshaanza kukopa.

Gari lenyewe lina upana wa milimita 296 kutoka ukingo wa nje wa tairi moja hadi ukingo wa nje wa tairi la pili, na uzito wa kilo 2.2 pamoja na betri. Chasi ni ya plastiki, imeumbwa kama beseni jembamba, na sakafu yake imeinuliwa ili tumbo lisikwaruze mawe. Betri inakaa juu ya sakafu hiyo. Muundo huu una sababu yake: gari la namna hii huuzwa kwa mtu wa kuchezea barabarani, shambani na kwenye changarawe, na ni wachache tu watakaolipeleka kwenye mbio.

Uwanja wetu ni wa udongo wa volkano, kama sehemu kubwa ya Arusha chini ya Meru. Ukikauka unakuwa vumbi laini kama unga wa ngano. Ukilowa kidogo unashikamana. Kona zimezungushiwa matairi chakavu ya gari yaliyofukiwa nusu. Jumapili asubuhi vijana humwagia maji ili vumbi lisiwaumize watazamaji, na ikifika saa nane mchana jua limeshakausha kila kitu. Naomba msomaji ashike habari hii ya maji, maana ndiyo ilikuwa na jibu, nasi tuliipita kila wiki bila kuiona.

Malalamiko

Alikuja kwangu na gari kwenye boksi la viatu, tairi moja la mbele limelala pembeni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Leo nini tena?"

"Ami tena. Ya tatu hii. Na nimepinduka mara nne kwenye mbio moja. Hii chasi ni nyanya, fundi, nataka kuibadilisha yote kwa alumini."

Sentensi hiyo ilibeba matatizo mawili yaliyofungwa kamba moja. La kwanza, ami za mbele zinavunjika. La pili, gari linapinduka kwenye kona. Yeye aliyaona kama tatizo moja lenye jina moja, udhaifu. Mimi nami sikuyatenganisha. Nilimuuliza ana bajeti kiasi gani, akasema ameweka akiba shilingi 550,000, tukaanza kuzungumzia vipuri.

Hapo ndipo tulipojikwaa, kabla hata shilingi moja haijatoka. Ilinipasa kuuliza maswali mengine: ami inavunjikia wapi? Gari linapinduka kona ipi, saa ngapi, likiwa linafanya nini? Yote hayo aliyajua, maana alikuwepo. Hakuna aliyemuuliza.

Uamuzi wa kwanza: alumini

Alinunua seti ya ami nne za alumini, pamoja na vishikio vya beringi vya magurudumu ya nyuma vya alumini. Pamoja na nauli ya kifurushi kwa basi kutoka Dar es Salaam zilimgharimu shilingi 285,000. Hazikuwa na jina la kiwanda. Muuzaji aliandika kuwa ni alumini ya 7075, na hatukuwa na njia ya kuhakiki. Tofauti si ndogo: alumini ya 7075 iliyoimarishwa kwa joto hadi daraja la T6 huanza kupinda kwa nguvu inayokaribia mara mbili ya ile inayopinda alumini ya 6061 ya daraja hilo hilo. Kwa macho zote zinang'aa sawasawa.

Sababu zake za kuchagua alumini zilikuwa na mantiki, na nisingependa mtu azicheke. Ami tatu za plastiki zilikuwa zimevunjika ndani ya miezi miwili. Kila ikivunjika anakosa Jumapili nzima, kwa sababu kipuri hakipo mjini na kukiagiza ni siku kadhaa. Mtu aliyekosa mbio tatu kwa kipande cha plastiki atatafuta chuma, na hata mimi nilifikiri hivyo.

Tulizifunga Jumamosi jioni. Kabla ya kufunga nilizipima kwenye mizani ya jikoni: ami nne za plastiki zilikuwa gramu 61, za alumini gramu 104. Niliandika namba hizo halafu nikazisahau.

Kilichotokea uwanjani

Jumapili ya kwanza gari lilitulia kidogo kwenye mstari ulionyooka, naye akafurahi. Kwenye kona lilipinduka vilevile. Jumapili ya pili, mzunguko wa pili, aliingia kona ya kulia akakosea kidogo, tairi la mbele kushoto likagonga tairi chakavu la ukingoni. Mgongano haukuwa mkubwa kuliko ile iliyokuwa ikimvunjia ami za plastiki.

Ami haikuvunjika. Ilipinda kama milimita tatu, ukiiweka juu ya kioo unaona mwanga unapita chini yake. Lakini kibebeo cha ami, kile kipande kinachoshika pini zake kwenye pua ya chasi, kiling'oka na skrubu zake mbili zikatoka na nyama ya plastiki. Pua ya chasi ikapata ufa wa sentimita nne kuelekea kwenye sehemu ya stelingi.

Nililishika gari mkononi nikaona ule ufa, moyo ukaniuma. Ami ya plastiki ilikuwa ikigharimu kama shilingi 15,000 na kazi ya dakika kumi. Sasa gari zima lilikuwa limekatika shingo.

Kwa muda tulimpelekea fundi wa mabampa. Arusha hawa wapo wengi, wanaoshona bampa za plastiki za magari makubwa kwa waya unaopashwa moto. Alizamisha vipande vinne vya waya kuuvuka ufa, akayeyusha plastiki juu yake, akasawazisha kwa kisu cha moto. Kazi safi, shilingi elfu tano. Ilidumu wiki mbili na ikatupa nafasi ya kufikiri, na hiyo ndiyo ilikuwa faida yake kubwa.

Daftari na ubao

Jumatatu jioni tulikaa chini. Nilimwomba anisimulie kila kupinduka alikokumbuka, mimi nikaandika: tarehe, kona, saa. Alipofika wa tisa akanyamaza, akaiangalia karatasi. "Fundi, zote asubuhi."

Si zote, saba kati ya tisa. Lakini saba zilikuwa kati ya saa tatu na saa tano, wakati udongo bado una maji. Mchana, vumbi likishatanda, gari lake lilikuwa linateleza, linapoteza muda, ila halipinduki.

Hapo ndipo tatizo lilipogawanyika. Kama chasi au ami ingekuwa sababu ya kupinduka, gari lingepinduka asubuhi na mchana. Kilichobadilika kati ya asubuhi na mchana ni mshiko wa ardhi. Gari likikata kona, tairi linavuta upande mmoja na uzito unavuta upande wa pili. Ardhi ikiwa ya vumbi, tairi linaachia kwanza na gari linateleza. Ardhi ikishika sana, tairi haliachii, na kama uzito umekaa juu gari linaegemea nje mpaka linalala. Makorongo madogo yanazidisha: tairi la nje likiingia kwenye mfereji wa sentimita mbili na kugonga ukingo wake, ni kama mtu kakupiga ngwala.

Mpaka wa kupinduka unakisiwa kwa hesabu ya darasani. Chukua nusu ya upana wa gari, gawanya kwa kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini. Jibu likiwa kubwa, gari ni gumu kupinduka. Upana tulikuwa nao. Kimo tulikipata kwa ubao wa mlango uliokuwa umeegemezwa ukutani kwangu.

Tuliulaza ubao chini, tukapigilia ufito mwembamba wa nusu sentimita ili gari lisiteleze. Tukaliweka gari pembeni mwa ufito, likiwa na betri na bodi, tairi za upande mmoja zikiugusa. Yeye akainua upande wa pili wa ubao polepole, mimi nikiwa nimelala kifudifudi naangalia tairi za juu. Zilipoachana na ubao nikasema "hapo!", tukasoma nyuzi kwa programu ya pimamaji ya simu. Tulirudia mara tatu kila upande. Wastani ulikuwa nyuzi 59.

Nusu ya upana ni milimita 148. Ukiigawanya kwa tanjenti ya nyuzi 59 unapata kimo cha milimita 89. Si kipimo cha maabara, kwa sababu shokapu za upande wa chini zinajikunja ubao unapoinuka. Ila kwa kulifananisha gari na lenyewe, leo na kesho, kinatosha kabisa, na gharama yake ni msumari mmoja.

Hatua ya bure

Kabla ya kuagiza chochote tulijaribu vitu visivyohitaji pesa. Tulitoa vipete vinavyokandamiza springi za shokapu. Tukafungua shokapu na kuingiza ndani kipande cha mrija kwenye kila fimbo, ili zisirefuke mpaka mwisho. Gari likakaa chini zaidi. Tukashusha bodi kwa tundu mbili kwenye vigingi vyake. Tukaondoa sponji iliyokuwa chini ya betri, maana aliyemuuzia gari alikuwa ameiweka ili betri ndogo isicheze, na yake ya sasa ilikuwa inabana bila sponji. Pia tulitoboa matundu nyuma ya bodi, kwa kuwa bodi za daraja hili hunasa upepo gari likiruka na kuinua pua kama mwavuli.

Ubao ukasoma nyuzi 61, yaani kimo cha milimita 82. Milimita saba zilishuka kwa mrija wa kalamu, wembe na saa moja ya kazi. Ukiniuliza leo ni kipi katika kisa hiki kilichonishangaza kuliko vyote, ni hicho. Tulikuwa tumeshatumia shilingi 285,000 bila kushuka hata milimita moja.

Uamuzi wa pili

Zilibaki shilingi 265,000 za akiba. Aliongeza kidogo kutoka kwenye mshahara, na ami za alumini akamuuzia mtu wa mkoa mwingine kwa shilingi 110,000, baada ya kumweleza waziwazi kwamba moja ilinyooshwa. Sasa kulikuwa na njia tatu mezani.

Njia ya kwanza ilikuwa chasi ya bapa ya nyuzi za kaboni. Rafiki zake wawili waliisifia sana. Ni nyepesi na ngumu, hilo ni kweli. Lakini kingo zake zikigongwa na mawe tabaka zinaanza kuachana, mpaka uzipake supaglu mara kwa mara, na kwa kuwa haina kuta kama beseni, udongo wetu wote ungeingia kwenye stelingi. Kwa uwanja wa zulia ndani ya ukumbi ningemshauri aichukue. Kwa udongo wa Meru nilimkatalia, na bei nayo ilikataa yenyewe.

Ya pili ilikuwa mota yenye nguvu zaidi. Hii tuliimaliza kwa dakika mbili. Nguvu inayolitupa gari nje ya kona hukua kwa mraba wa mwendo, na gari letu lilikuwa halijaweza kukaa kwenye mwendo liliokuwa nao.

Ya tatu, tuliyoichagua, ilikuwa chasi ya plastiki ya kitovu cha uzito cha chini pamoja na ami za nailoni. Chasi za namna hii zinapatikana kwa magari mengi ya daraja hili. Traxxas yenyewe huuza ya Slash. Sakafu inashuka, na betri, mota na stelingi vinashuka nayo. Ami tulichagua zile za nailoni inayonyumbuka, aina iliyoipatia jina kampuni ya RPM ya Marekani. Ukiikunja kwa vidole inakubali kidogo halafu inarudi.

Vishikio vya beringi vya nyuma vya alumini hatukuvitoa. Pale kazi ni kushika beringi bila kucheza, umbo ni nene, na pigo haliji moja kwa moja. Plastiki iliyokuwepo ilikuwa imetanuka tundu na gurudumu likiyumba. Kwa hiyo si kweli kwamba alumini yote ilikuwa hasara.

Safari hii tulipima kabla ya kuagiza: kipenyo cha pini za ami kwa venia (kifaa cha kupimia unene), umbali kati ya matundu ya kibebeo, na mwaka wa toleo la gari. Ilisaidia, kwa sababu tangazo la kwanza tulilolipenda lilikuwa la toleo la magurudumu manne yanayosukuma, ila picha ilifanana. Chasi iligharimu shilingi 190,000, ami 96,000, oili ya shokapu na springi 35,000. Jumla 321,000, hadi mkononi. Anayeagiza nje akumbuke kwamba ushuru hukokotolewa kwa bei ya bidhaa pamoja na bima na usafiri, halafu VAT ya asilimia 18 inakuja juu yake. Bei ya kwenye simu si bei ya Arusha.

Kufunga

Kazi ilichukua Jumamosi nzima. Nitasimama kwenye jambo moja tu, kwa sababu limeharibu chasi nyingi nzuri. Skrubu za magari haya hujichongea njia kwenye plastiki. Ya kwanza kuingia kwenye chasi mpya ni ngumu; ipeleke polepole, ukihisi joto simama. Ukija kuitoa na kuirudisha siku nyingine, usiikaze moja kwa moja. Iweke kwenye tundu, igeuze kinyume taratibu mpaka uisikie imeanguka, tik, kwenye njia yake ya zamani, ndipo ukaze. Kijana alikuwa na haraka, akachonga njia mpya kwenye matundu mawili, na hayo mawili mpaka leo yanashika kwa huruma. Gundi ya kufungia nati tuliitumia pale tu skrubu ilipoingia kwenye alumini. Kwenye plastiki hatukuweka, maana baadhi ya plastiki huliwa nayo zikapasuka.

Ubao ulisoma nyuzi 63. Kimo, milimita 75.

Matokeo

Kabla ya mabadiliko, katika mbio tano za mwisho alizoshiriki, alimaliza mbili. Katika sita zilizofuata alimaliza tano. Asubuhi ya kwanza udongo ulikuwa umelowa vizuri, akaingia ile kona ya kulia na gari likainua tairi mbili za ndani, likakaa hewani kwa muda unaotosha watu kushika vichwa, kisha likarudi chini na kuendelea. Mwezi mmoja nyuma lingelala.

Mbio ile ya sita ambayo hakumaliza aligonga tairi la ukingoni kwa tairi la mbele kushoto, pigo lile lile la zamani. Ami ya nailoni ilijikunja ikarudi. Kilichokatika ni tairodi, fimbo inayounganisha stelingi na gurudumu. Kipuri alikuwa nacho kwenye boksi, lakini mbio ilikuwa imeisha.

Hasara nazo zipo. Tumbo la gari sasa linakwaruza. Baada ya Jumapili tatu sakafu ya chasi mpya ilikuwa na mistari mirefu kama ya kucha, na skrubu za chini zimeanza kulika vichwa. Kwenye mruko mkubwa gari likitua vibaya linapiga kishindo ambacho zamani hakikuwepo. Tuliongeza uzito wa oili ya shokapu za nyuma hatua moja, kishindo kikapungua, kikabaki. Na lile shamba la mahindi alilokuwa akichezea na wajomba zake wadogo, sasa halipiti.

Uchambuzi

Kosa kubwa lilikuwa kununua kabla ya kuyatenganisha matatizo. Kuvunjika na kupinduka vilikuwa na sababu mbili tofauti. Kupinduka kulitokana na kimo cha uzito kukutana na mshiko wa asubuhi. Kuvunjika kulitokana na mapigo, na sehemu ya mapigo hayo ilitokana na kupinduka: mara mbili ami ilivunjika gari likiwa limeshalala na mwenzake akaligonga. Tulipopunguza la kwanza, la pili likapungua bila ya sisi kuligusa. Kwa utaratibu tulioufuata alitoa jumla ya shilingi 606,000 kwa vipuri na kurudishiwa 110,000. Tungeanza na daftari na ubao, pengine chasi na ami za nailoni zingetosha, na ninaamini angeweza kushindana msimu mzima kwa ile hatua ya bure peke yake akiendelea kuweka akiba.

Kuhusu ami za alumini, wengi watabishana nami, na wana haki kama uwanja wao hauna vizuizi. Hoja yangu ni hii: nguvu ya pigo haipotei kwa sababu kipande kilichopigwa ni kigumu. Inasafiri kutoka kwenye tairi hadi kwenye ami, kwenye pini, kwenye kibebeo, kwenye pua ya chasi, na inaishia pale inapokuta udhaifu wa kwanza. Ami ya plastiki ilikuwa inafanya kazi ya fyuzi. Tuliiondoa fyuzi, tukaunguza nyumba. Nailoni inayonyumbuka ni kitu cha tatu: haivunjiki upesi kama plastiki ngumu, wala haipeleki pigo lote ndani kama alumini, inalimeza kidogo kidogo. Gharama yake ni kwamba stelingi inakosa ukali kidogo, na dereva mzuri sana ataihisi. Kijana wetu hajaihisi.

Zile gramu 43 za ziada nazo zilikuwa mahali pabaya. Uzito ulio upande wa tairi haubebwi na springi. Unazifanya shokapu zichelewe kulirudisha tairi chini baada ya tuta, na uwanja wetu ni matuta matupu. Nilipima, nikaandika, sikufikiri.

Kilichofaa kuliko vyote ni kipimo kinachorudiwa. Ubao ulituonyesha hatua ipi imeleta nini: milimita saba za bure, saba za chasi. Bila huo tungesifu chasi kwa kazi yote, na mtu mwingine angeenda kununua chasi wakati alichohitaji ni mrija wa kalamu. Orodha ya saa za kupinduka ilifaa vilevile, na hiyo haikuhitaji hata msumari.

Jambo moja bado hatujalimaliza. Hatukujaribu tairi. Tairi lenye miiba mifupi zaidi lingeshika kidogo asubuhi, na gari lingeteleza badala ya kupinduka, hata kwenye kimo cha zamani. Labda hiyo ndiyo ingekuwa njia ya bei ndogo zaidi. Tulipanga kuijaribu Oktoba, mvua ikawahi, uwanja ukawa bwawa.

Chasi ya zamani, yenye mshono wa waya puani, aliirudishia kibebeo kipya na ami za plastiki zilizobaki. Anasubiri mota iliyotumika aikamilishe kwa ajili ya wale wajomba zake na lile shamba la mahindi.